Loki za umeme za milango ya gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na wenye magari, madereva wa teksi na mafundi wanaoanza kazi hapa Nairobi. Majibu mengi yanarudi kwenye jambo moja: kabla hujanunua kitasa kingine, hakikisha kama umeme unafika mlangoni au haufiki. Vitasa vingi vizima vimetupwa Grogan, soko la vipuri vya magari hapa Nairobi, kwa sababu hakuna aliyepima.

## Mambo ya msingi

Loki ya umeme hufanyaje kazi?

Ndani ya kila mlango kuna kitasa, na ndani ya kitasa hicho kuna mota ndogo ya volti 12 inayozungusha gia za plastiki. Ukibonyeza rimoti au swichi ya mlangoni, kompyuta ya bodi (ile inayoongoza loki na vifaa vingine vya umeme vya gari) hupeleka umeme kwa muda usiofika hata sekunde moja. Kwenye magari ya zamani kazi hiyo hufanywa na relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Mota inazunguka, gia zinasukuma wenzo, mlango unajifunga.

Kufungua ni umeme uleule ukiwa umegeuzwa: waya iliyokuwa chanya inakuwa hasi, na iliyokuwa hasi inakuwa chanya. Kwa hiyo mota yenyewe inahitaji waya mbili tu. Ukiona plagi yenye waya tano au sita, zilizobaki ni za swichi ndogo ndani ya kitasa, zinazoiambia kompyuta kama mlango umefungwa, umefunguliwa, au haujabanwa vizuri. Kumbuka swichi hizo, kwa sababu ndizo chanzo cha vituko tutakavyoviona mbele.

Kwa nini mlango wa dereva huharibika kabla ya mingine?

Unafunguliwa kila safari, mingine hapana. Kwa teksi za programu, mlango wa nyuma wa kushoto hufuata kwa karibu, maana abiria huingilia upande huo wa barabara. Brashi za mota huisha kwa matumizi, na waya zilizo karibu na bawaba hukunjwa kila mlango unapofunguliwa.

Nikiona tatizo, nianzie wapi?

Anza kwa kuangalia ni milango mingapi iliyogoma, na inagoma kwa njia gani. Keti ndani, funga milango yote, bonyeza swichi ya dereva, halafu ujaribu rimoti, halafu ufunguo wa chuma kwenye tundu la mlango.

Ikiwa rimoti imegoma lakini swichi inafanya kazi, vitasa vyako ni vizima na shida iko upande wa rimoti au kipokezi chake. Ikiwa swichi imegoma na rimoti inafanya kazi, shuku swichi yenyewe. Ikiwa vyote vimegoma kwa milango yote, nenda sehemu ya fyuzi hapa chini. Mlango mmoja tu ukigoma, shida iko ndani ya mlango huo au kwenye waya zinazouingia. Jaribio hili halina gharama, na fundi anayeliruka anakisia tu.

Sauti inaweza kuniambia chochote?

Mengi. Zima redio, mtu mmoja abonyeze swichi na wewe uweke sikio karibu na mlango. Mlio mkavu wa "tak" bila mlango kufungika maana yake mota inazunguka lakini wenzo umechomoka au grisi imekauka. Mlio wa kusaga ni gia ya plastiki iliyolika meno. Mlio dhaifu unaofifia ni mota iliyochoka, au umeme unaofika nusu nusu. Kimya kabisa ndicho kinachopotosha watu: mota inaweza kuwa imekufa, au umeme haufiki. Hapo ni lazima upime.

## Milango yote imekufa

Loki zote zimeacha kufanya kazi kwa pamoja. Je, vitasa vyote vimeungua?

Si rahisi vitasa vinne kufa siku moja. Angalia fyuzi kwanza. Kwenye Toyota nyingi zinazoendeshwa hapa, fyuzi ya loki huandikwa DOOR au D/L kwenye kifuniko cha kisanduku kilicho chini ya dashibodi. Magari yaliyotoka Japani wakati mwingine yana maandishi ya Kijapani, kwa hiyo piga picha ya kifuniko na utafsiri kwa simu kabla ya kuanza kuchomoa.

Fyuzi ikiwa imeungua, badilisha kwa ampea zilezile. Ikiungua tena papo hapo, kuna waya iliyogusa bodi, na mahali pa kwanza pa kutafuta ni kwenye mpira wenye mikunjo unaopitisha waya karibu na bawaba ya mlango wa dereva. Usiweke fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya. Fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe kabla ya waya kushika moto, na ukiizuia, kitakachoungua ni waya iliyo chini ya zulia.

Fyuzi ni nzima. Sasa?

Pima betri ya gari. Betri nzima iliyopumzika huonyesha takriban volti 12.6, ikishuka chini ya 12, loki zinaweza kuanza kuvuta kwa uchovu. Baada ya hapo angalia swichi kuu ya mlango wa dereva. Soda, chai na maji ya mvua yanayoingia kupitia dirisha lililoachwa wazi huacha kutu kwenye vituo vya shaba ndani yake. Swichi hufunguka kwa bisibisi ndogo na husafishwa kwa dawa ya kusafishia vituo vya umeme.

Jambo la tatu ni alamu iliyofungwa baadaye. Magari mengi ya Nairobi yana alamu, traka, au vyote viwili, na fundi aliyezifunga alikata au kuchuna waya za loki ili aunganishe zake. Fuata kila kiungo kilichofungwa kwa utepe mweusi. Utepe hulegea kwa joto, waya zikaachana, na gari likaonekana limeharibika kompyuta.

## Mlango mmoja umegoma

Nitajuaje kama ni kitasa au ni waya?

Hili ndilo swali la ukurasa wote. Unahitaji balbu ndogo ya gari, ile ya wati 5 ya taa ya namba inatosha, iliyounganishwa na waya mbili. Ng'oa paneli ya mlango (tazama "Ninang'oaje paneli bila kuvunja klipu?"), chomoa plagi ya kitasa, tafuta waya mbili za mota kwenye mchoro wa gari, kisha weka balbu kati yake. Mwenzako abonyeze kufunga, halafu kufungua.

Balbu ikimweka mara zote mbili kwa mwanga kamili, umeme unafika na mota imekufa. Isipowaka kabisa, waya imekatika mahali fulani kabla ya plagi. Ikiwaka kwa mwanga hafifu, waya imebaki na nyuzi chache.

Kwa nini balbu na si multimita (kipima umeme) peke yake? Multimita haivuti umeme wowote wa maana. Waya yenye uzi mmoja uliobaki itaonyesha volti 12 safi kwenye kioo cha multimita, na mota ikiunganishwa itashindwa hata kutikisika. Fundi anasoma 12, anamwambia mwenye gari kitasa kimekufa, anauziwa kingine, nacho kinagoma vilevile. Balbu inavuta umeme kidogo, kwa hiyo inafichua waya mbovu. Multimita ni chombo kizuri, lakini kwa kazi hii itumie pamoja na balbu. Na kwa kuwa umeme huja kwa nusu sekunde, macho hushika mmweko kirahisi kuliko namba zinazorukaruka.

Waya hukatikia wapi hasa?

Fungua mlango, tazama kati ya mlango na nguzo ya gari karibu na bawaba. Utaona mpira wenye mikunjo. Ndani yake zinapita waya zote za loki, kioo cha dirisha, spika na kioo cha pembeni. Chomoa upande mmoja wa mpira na uusukume nyuma. Vuta kila waya taratibu kwa vidole. Waya nzima inakaza, iliyokatika ndani ya ganda lake inanyooka kama lastiki, na mara nyingi ganda linaonekana limefifia rangi mahali pa mkunjo. Iliyokatika kabisa utaiona kwa macho, na ncha zake huwa na kijani cha kutu.

Kuna dalili inayokuelekeza hapa kabla hujafungua chochote: loki inafanya kazi mlango ukiwa wazi nusu na inagoma ukiwa umefungwa, au kinyume chake. Ukiona kioo na spika za mlango huohuo navyo vinababaika, nenda moja kwa moja kwenye mpira.

Naweza kuunganisha tu kwa utepe?

Hapana. Kiungo cha utepe kwenye sehemu inayokunjwa kila siku hakimalizi msimu mmoja wa mvua. Kata kipande kibovu chote, weka kipande kipya cha waya laini yenye nyuzi nyingi na unene uleule, choma kwa risasi ya kuunganishia waya, funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Viungo vyenyewe vikae nje ya eneo la mkunjo, kimoja ndani ya mlango na kingine ndani ya nguzo, ili sehemu inayopinda iwe waya nzima isiyo na kiungo. Ukiunganisha waya kadhaa, usipange viungo mahali pamoja, la sivyo fundo litakataa kuingia kwenye mpira.

Mota imekufa kweli. Nibadilishe kitasa kizima au mota peke yake?

Kwa Toyota na Honda nyingi, mota iliyo ndani ni Mabuchi FC-280 au inayofanana nayo, na huuzwa peke yake. Fundi mwenye mikono mitulivu anaweza kupasua kasha la plastiki, kuhamisha gia ndogo kutoka mota ya zamani hadi mpya, na kulifunga tena kwa gundi isiyopitisha maji. Ni kazi nzuri ikiwa gia na swichi za ndani ni nzima. Angalia umbo na urefu wa shafti kabla ya kulipa, kwa sababu hutofautiana, na shafti fupi haishiki gia.

Ikiwa gia zimelika, au gari linasoma mlango uko wazi wakati umefungwa, badilisha kitasa kizima. Mota mpya haiponyi swichi iliyolika.

Nikienda Kirinyaga Road au Grogan kununua kitasa, niangalie nini?

Nenda na kile cha zamani mkononi. Linganisha upande (kulia na kushoto haviingiliani), idadi ya pini kwenye plagi, na mahali waya za hendeli zinaposhikia. Vitasa vya mtumba kutoka Japani mara nyingi hudumu kuliko vipya vya bei ya kutupa, lakini dai vijaribiwe kwa betri palepale dukani: umeme upande huu, umeme upande ule, mara kadhaa, kwa mguso mfupi. Chukua risiti. Vipuri vilivyong'olewa kwenye magari ya watu vipo sokoni, na risiti ndiyo kinga yako.

Ninang'oaje paneli bila kuvunja klipu?

Tafuta skrubu kwanza: nyuma ya hendeli ya ndani, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, na kwenye mahali pa kuvutia mlango. Paneli nyingi huvunjika kwa sababu skrubu moja ilisahaulika. Zikiisha, anza kuvuta kutoka kona ya chini, klipu moja baada ya nyingine, kwa kigongo cha plastiki badala ya bisibisi. Kisha inua paneli juu ili iachane na ukingo wa kioo.

Nyuma yake utakuta karatasi ya plastiki iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Ibandue taratibu na uirudishe ilivyokuwa. Mafundi wengi huichana na kuitupa, na hapo ndipo maji ya mvua yanayoteremka kando ya kioo huingia kwenye swichi na zulia. Kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni, tenganisha ncha hasi ya betri na ungoje angalau sekunde 90 kabla ya kugusa plagi za mlango.

## Rimoti na ufunguo

Rimoti inafanya kazi nikiwa karibu tu. Ni betri?

Karibu kila mara. Betri za kawaida ni za volti 3 kama CR2032, CR2016 au CR1632. Namba imeandikwa juu ya betri yenyewe, na usibadilishe namba kwa sababu ya unene. Kama betri mpya haisaidii, jaribu mahali pengine kabla ya kulaumu gari. Karibu na mitambo mikubwa ya mawasiliano, rimoti huzidiwa nguvu.

Betri ya rimoti imekufa kabisa na gari ni la kubonyeza kitufe. Nitaingiaje?

Ndani ya rimoti kuna ufunguo mdogo wa chuma. Sogeza kishikizo chake uuchomoe. Tundu lake liko kwenye hendeli ya dereva, na kwa magari mengine limefichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Ukishaingia, kwa Toyota nyingi unagusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki, na gari linaitambua. Jaribu ufunguo huo wa chuma leo, mchana, ukiwa nyumbani. Tundu ambalo halijatumika kwa miaka hukwama kwa vumbi, na usiku wa manane si wakati wa kuligundua hilo.

Naweza kununua rimoti yoyote na kuipanga?

Masafa lazima yalingane. Rimoti nyingi za magari ya soko la Japani hutumia takriban 315 MHz, za Ulaya 433 MHz. Rimoti mbili zinaweza kufanana kama pacha na zisielewane. Ukipoteza ufunguo, mwambie fundi afute ule uliopotea kwenye kompyuta badala ya kuongeza mpya tu. Usipofanya hivyo, aliyeuokota bado anaweza kufungua gari lako.

Nimebonyeza kufunga pale maegesho, nikarudi nikakuta gari wazi. Loki mbovu?

Inawezekana, lakini kuna vifaa vya kuzuia mawimbi ya rimoti, na wezi wa maegesho huvitumia. Usiondoke kwa kubonyeza tu. Sikia loki ikigonga, tazama taa zikimweka, kisha vuta hendeli kwa mkono.

## Hali zisizo za kawaida

Nikifunga, milango inajifunga halafu inajifungua papo hapo. Kwa nini?

Gari linaamini kuna mlango ulio wazi, au kwamba ufunguo umebaki ndani, kwa hiyo linakataa kukufungia nje. Washa taa ya ndani iwe kwenye nafasi ya mlango: ikibaki inawaka milango yote ikiwa imefungwa, umepata mwelekeo. Bana kila mlango na buti moja baada ya mwingine kwa nguvu uone taa inazimika kwa upi. Huo ndio wenye swichi iliyolika ndani ya kitasa, au wenye kitasa kilichojaa uchafu kisichorudi hadi mwisho. Safisha, weka grisi nyeupe ya lithiamu, ujaribu tena kabla ya kununua. Dawa za kupulizia za kulegeza kutu husafisha vizuri, ila huosha grisi, kwa hiyo ukizitumia malizia kwa grisi.

Nilibonyeza mara nyingi nikijaribu, sasa hakuna kinachojibu.

Pumzisha dakika chache. Mfumo hujikinga na joto kwa kuacha kujibu ukiusumbua mfululizo. Kitasa kikirudi chenyewe, hujaharibu kitu.

Mlango wa nyuma haufunguki kutoka ndani, lakini nje unafunguka.

Ni loki ya watoto. Fungua mlango, tafuta kiwenzo kidogo kando ya kitasa kwenye ukingo wa mlango, kisogeze.

Mlango haufunguki ndani wala nje.

Usilazimishe hendeli, itavunjika, na utakuwa na matatizo mawili. Mwenzako abonyeze kufungua tena na tena huku wewe unausukuma mlango kwa ndani na kuvuta hendeli kwa wakati mmoja. Mlango uliobanwa na uzito wa kitasa mara nyingi huachia hivyo. Gonga paneli kwa kiganja karibu na kitasa wakati umeme unapiga, maana mota iliyoganda huweza kushtuka na kuzunguka mara ya mwisho. Ukifunguka, usiufunge tena hadi urekebishwe.

Isipowezekana, paneli itang'olewa mlango ukiwa umefungwa, kutoka ndani ya gari, na kiti kikiwa kimesogezwa. Tafuta fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

Gari langu la kutoka Uingereza likifungwa kwa rimoti halifunguki hata ndani. Ni hitilafu?

Magari mengi ya soko la Ulaya yana loki ya pili inayokata hendeli za ndani ili mwizi aliyevunja kioo asifungue mlango. Limeundwa hivyo. Kwa sababu hiyo, kamwe usimfungie mtu ndani kwa rimoti, hata kwa dakika mbili za kwenda dukani. Mweleze kila anayeliendesha gari hilo.

Gari lilipita kwenye mafuriko na sasa loki zinafanya mambo zenyewe.

Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 magari mengi ya Nairobi yalipata dalili hii, mengine wiki kadhaa baadaye, kwa sababu kutu huchukua muda. Kwenye magari mengi, plagi kubwa za waya na kompyuta ya bodi ziko karibu na miguu ya dereva, mahali maji hufika mapema. Tenganisha betri, inua zulia, fungua plagi moja moja utafute unga wa kijani au mweupe. Angalia pia vitundu vya chini ya milango vya kutolea maji: vikizibwa na matope, mlango unabeba maji hadi kwenye kitasa. Vizibue kwa kijiti.

Kompyuta ya bodi ikiwa imelowa, usiipashe joto kwa moto wala kuiacha juani siku nzima kwenye dashibodi. Ipelekwe kwa fundi wa bodi za umeme aisafishe. Gari la namna hiyo likiachwa, hula betri usiku: likiwa limelala, linapaswa kuvuta chini ya takriban miliampea 50, na la maji huvuta zaidi ya hapo.

Loki moja haifungi. Naweza kuendelea kuendesha wakati natafuta pesa za kuitengeneza?

Ifunge kwa mkono, kwa kitufe cha ndani au ufunguo, kila unapoingia mjini. Kwenye foleni ya Globe au Jogoo Road, wanyakuzi hujaribu mlango wa abiria kwanza, kwa hiyo mkoba na simu visikae kwenye kiti.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mlango usiofunguka kuliko usiofunga. Ukiwa na watoto nyuma na mlango wao haufunguki kwa njia yoyote, basi wakati wa moto au ajali wana njia moja tu ya kutokea. Gari la namna hiyo lisibebe watu nyuma hadi mlango utengenezwe.